Mtumbwi wa Watu Wasiozidi Wanane

Mwalimu wangu Veronika,

Nina miaka themanini na mbili, na wanaosema themanini na tano wananiongezea kwa wivu. Nimewazidi Wareno. Nimewazidi kaka zangu wote wanne, mitumbwi sita, meno yangu yote isipokuwa matatu, na yule daktari aliyeniambia moyo wangu umechoka. Yeye alizikwa mwaka uliofuata na mimi nilikwenda kumzika kwa miguu. Vita vya Wareno nimevizidi, na vilivyokuja baadaye nimevizidi pia. Na sasa nimekuzidi na wewe, jambo ambalo sikuliomba wala sikulitazamia, maana ulikuwa mdogo wangu kwa miaka mitano na ulikuwa hupendi kuondoka mahali bila kuaga.

Barua hii naiandika mwenyewe. Mjukuu wako Rehema alitaka mimi niseme yeye aandike, nikamkatalia. Mambo mengine hayafai kupita mkononi mwa mtu mwingine. Nimekaa barazani tangu chai, sasa jua liko utosini, na ukurasa haujajaa. Ulizoea kusema herufi zangu zinalala chali kama watu walioshiba. Basi leo zimeshiba kweli.

Habari za hapa ni njema. Nyumba hii ya bloko waliyotupa watu wa gesi walipotuhamishia Quitunda bado inatupika mchana kama mikate. Kuku wako weupe wamezidi, na jogoo lako nimelichinja, usinune, lilikuwa linanidharau. Binti yetu Fatima ananiletea samaki kutoka Palma na kunikataza chumvi, mimi nakula samaki na chumvi yake. Ugali nasonga mwenyewe. Wa kwanza ulikuwa uji, wa pili ulikuwa tofali, wa tatu jirani alikuja kuuomba. Siku ya mazishi watu wa kanisani kwako waliimba vizuri, watu wa msikitini kwangu wakasimama nje mpaka mwisho, na kwenye chakula hakuna aliyeuliza nani ni wa wapi. Ungefurahi. Ungesema wali ulikuwa mbichi, lakini ungefurahi.

Sasa lililonikalisha hapa.

Yule profesori kijana wa shule ya hapa alikuwa akiwafundisha watoto ile alama yako ya mdomo, < na >. Akawaambia, "Angalieni sana, msije mkawa kama Mwalimu Veronika wa wakati wa vita, aliyeandika alama vibaya mtumbwi mzima ukazama." Watoto wakacheka. Rehema alikuwemo darasani, maana wanaosomea ualimu wakirudi likizo huenda kukaa nyuma kutazama wenzao wanavyofundisha. Akaja nyumbani, hata viatu hajavua.

"Babu, kweli bibi alikosea hesabu?"

Sikuweza kumkasirikia profesori. Aliipata wapi hadithi hiyo? Aliipata kwangu. Miaka hamsini na kitu nimeisimulia harusini, msibani, kwenye foleni ya hospitali: mke wangu mwalimu, bingwa wa hesabu, alituzamisha kwa kamstari kadogo. Na wewe ulikuwa unacheka na kusema, "Endelea, Nahodha, siku moja utaimaliza." Watu walidhani ni utani wa mume na mke. Ulipokuwa hai ulikuwa utani. Sasa mwenye kujibu hayupo, imegeuka habari. Mtoto wa mtoto wetu anakwenda kuwa mwalimu kwa ajili yako, na anafikiri bibi yake alikuwa hajui kazi yake.

Jumatatu wameniita shuleni niwaeleze watoto mambo ya vita. Nataka kwanza nikueleze wewe nitakavyosema, maana unaijua tabia yangu. Mdomo wangu ukishashika njia ya zamani, haurudi nyuma.

Nitaanza na nafsi yangu, kama kawaida. Nitasema kwamba katika mkono ule wa mto unaopita nyuma ya mikoko, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, hapakuwa na mshika pondo, msukuma mtumbwi kwa mti mrefu, kama mimi. Hilo ni kweli na huwezi kunipokonya. Ndege ya Wareno ilipita juu mara ngapi, nami nimeusukuma mtumbwi chini ya mikoko, nimetulia kama gogo. Watu wa pwani walichemsha chumvi, wachukuzi wakaipeleka bara, kwenye vijiji vya msituni ambako watu walikuwa wanakula muhogo bila chumvi mpaka nyuso zinawavimba. Chumvi ile ilipita mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyewakoleza wapiganaji. Haya, nimemaliza, naja kwako.

Ulishuka kutoka uwandani juu, binti wa Kimakonde, umesomea ng'ambo ya Ruvuma kwa wakimbizi, na ulikuwa unaogopa maji. Kwenu maji yanabebwa kichwani, hayapandwi. Ulifungua shule kwenye kichaka jirani na kivuko, ubao wa sanduku, chaki ya makopa ya muhogo. Watoto asubuhi, sisi wakubwa alasiri. Nilikuja siku ya kwanza ili tu niseme kwamba mimi sihitaji.

Ukachora mdomo. Ukasema upande ulio wazi huelekea kilicho kikubwa na ncha huelekea kilicho kidogo. Tano ni ndogo kuliko nane: 5 < 8. Watu wakakutumbulia macho. Ukaleta mamba, ukasema mamba hufungua kinywa kwenye nyama nyingi. Wazee wakasema mamba hachagui. Ndipo mimi nikanyosha mkono, wa kwanza darasani, kumbuka hilo, nikasema, "Mwalimu, hiyo si mamba. Hiyo ni wando." Ukaniuliza wando ni kitu gani. Nikakuchorea chini: uzio wa fito tunaousimika majini kutegea samaki, mdomo umepanuka kuelekea kwenye samaki wengi, huku nyuma umebana, anaingia mmoja mmoja. Ukatazama, ukatazama, ukafuta mamba. Kuanzia siku hiyo ulifundisha wando. Kwa hiyo ukichunguza vizuri, hesabu ya kivuko kile tuliileta wawili.

Tatizo ni pale ulipoweka kamstari chini ya mdomo. ≤. Ukasema, "Hii maana yake ni ndogo au sawa." Mimi nikakataa. Nikakwambia kitu ama ni kidogo ama ni sawa. Mtu hawezi kuwa mfupi kuliko kaka yake na papo hapo akalingana naye.

"Nahodha," ukasema, "mama yako akikutuma mchele akakwambia usizidishe kibaba, ukileta nusu kibaba umemkosea?"

"Hapana."

"Ukileta kibaba kamili je?"

"Hapana."

"Basi ndio huo mstari. Hauvuki kibaba, lakini kibaba chenyewe umeruhusiwa."

"Mama yangu hajanituma mchele," nikasema, na darasa zima likacheka. Nilijua nimeshindwa ndiyo maana nikasema hivyo. Lakini sikuukubali mstari. Niliwaambia wenzangu nitauheshimu mdomo, mstari sitautambua.

Wakati ule kila mshika pondo alipakia kwa jicho lake, na mitumbwi miwili ilikwishapinduka. Wewe ndiye uliyesema tupime. Tukaupeleka mtumbwi mkubwa kwenye kina kifupi, watu wakapanda mmoja mmoja na mizigo yao kichwani, mimi nimesimama nyuma na pondo, wewe ufukoni na kijiti chako. Tukiwa wanane wote jumla, ukingo ulikuwa vidole vinne juu ya maji. Alipopanda wa tisa, maji yakaanza kulamba ukingo. Ukaandika kwenye ubao, tukaupigilia kwenye mkoko pale kivukoni: w ≤ 8. Ukatueleza w ni watu. Watu wasizidi wanane, na wanane wenyewe wameruhusiwa.

Sasa nisikilize, hapa ndipo sijawahi kupafikisha mbele ya watu.

Unajua kwetu hatumnyoshei mtu kidole tukamhesabu, ni nuksi. Kila anayepanda huokota kijiwe, hukitia ndani ya kifuu cha nazi, na mwenye chombo huhesabu vijiwe. Na mwenye chombo hatii kijiwe. Tangu babu zetu nahodha si abiria. Ukiuliza chombo kina watu wangapi, unatajiwa waliobebwa, hutajiwa aliyebeba. Kwenu uwandani hakuna vyombo, ungelijuaje hilo. Wewe ulinihesabu pale kwenye kupima kwa sababu uliniona nimesimama, nina miguu miwili kama wengine.

Basi mimi kwa ubishi wangu nilisoma ubao kana kwamba mstari haupo. Chini ya nane, nikasema, maana yake saba. Nikawa napakia vijiwe saba. Saba na mimi, wanane. Miezi yote ile mtumbwi ulikwenda salama kabisa, na mimi nikajisifu kwamba mstari wako hauna kazi. Makosa mawili yalikuwa yameegemeana kama walevi wanaorudi kwao. Hakuna aliyeanguka kwa kuwa wote wawili walikuwa wameanguka kidogo.

Ikafika asubuhi ile ya ukungu. Chumvi magunia manne, wachukuzi saba, wengi wao wanawake, Bi Somoe akiwa ndiye mdogo wao. Vijiwe saba ndani ya kifuu. Ukaja wewe na madaftari ya watoto kifuani, unataka kuvuka. Nikakwambia mtumbwi umejaa, ngoja wa pili. Ukanyosha mkono kwenye ubao.

"Soma, Nahodha."

"Nimesoma."

"Soma na cha chini."

Wanawake wakaanza. Mmoja akasema, "Mwachie, Mwalimu, huyu anasoma ya juu tu, ya chini mpaka aoe." Wakacheka mpaka magunia yakatikisika. Mimi nikahisi masikio yanawaka. Nikakwambia, "Panda. Tia kijiwe." Ukatia. Vijiwe vinane. Ukavihesabu mwenyewe, ukaniambia, "Nane. Sawa." Ukakaa katikati, umeshika ukingo kwa mikono miwili, umefumba macho.

Nikasukuma. Tulipotoka kwenye mikoko nikatazama chini. Ukingo haukuwa vidole vinne juu ya maji. Ulikuwa kidole. Na pale pale, Veronika, nikajua. Nilikumbuka siku ya kupima, nikajiona nimesimama nyuma na pondo, nikajua kwamba mimi ndiye wa tisa. Ufuko ulikuwa hatua ishirini nyuma yangu. Ningeweza kurudi. Ningesema jamani, ateremke mmoja, nimesahau kujihesabu, wangecheka tena, tukaendelea.

Sikurudi. Nilitaka mstari wako ushindwe. Nilitaka maji yaingie kidogo tu, kiasi cha kulowanisha nguo, useme mbele ya wanawake wale kwamba Nahodha alikuwa na haki.

Maji hayajui kidogo. Yalipoingia yaliingia yote. Mtumbwi ukatuacha, na mimi, nahodha wa mkono ule wa mto, nikaanza kupiga mbizi na kupiga kelele, nikikutafuta wewe, huku nimekunywa maji ya chumvi kiasi cha gunia. Ndipo nikasikia sauti yako juu ya kichwa changu, tulivu kama ya darasani.

"Nahodha, simama."

Nikasimama. Maji yalikuwa ya kifuani. Tulikuwa juu ya fungu la mchanga. Wewe usiyejua kuogelea ulikuwa umesimama tangu mwanzo, madaftari juu ya kichwa, makavu. Nimesimulia kwamba nilikuokoa kwa mkono mmoja. Jumatatu nitasema nani alimwambia nani asimame.

Lakini chumvi ilikwisha. Magunia manne yamerudi baharini, na bara watu wakala muhogo mtupu mpaka mwezi mwingine ulipoandama. Mkuu wa kambi ya wapiganaji akatuita. Wakati ule hapakuwa na kupoteza mzigo na kusema bahati mbaya. Mtu aliyezamisha chumvi aliulizwa anamtumikia nani. Mkuu akauliza, "Nani alipakia kupita kiasi?" Nami nikainama nikitazama pondo langu. Ukasimama wewe.

"Ubao niliuandika mimi. Na mimi ndiye niliyemwambia nane ni sawa."

Yote mawili yalikuwa kweli. Wewe hujawahi kusema uongo, ila siku ile uliusimamisha ukweli mahali ulipohitajika. Wakakuondoa ubaoni. Siku thelathini ulitwanga mahindi na kuteka maji ya kambi, wewe uliyekuwa mwalimu pekee, na watoto wakazurura. Mimi nikaachiwa pondo langu. Kila siku nilikupitia pale kwenye kinu, nikikusalimu kutoka mbali kama mtu mwenye haraka.

Siku uliyorudi darasani hukunitazama. Ulikwenda moja kwa moja kivukoni na makopa yako, ukafuta ubao, ukaandika upya: w + 1 ≤ 8. Ukaniuliza, mbele ya watu, "Hiyo w ni nani?"

"Ni abiria."

"Na hiyo moja?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Basi ujue na wewe ni mtu," ukasema, ukaondoka. Nilikuposa baada ya mavuno. Watu wa kwenu wakauliza huyu mtu wa pwani ana nini, watu wa kwetu wakauliza huyu mtu wa bara ana nini, tukawaacha wanauliziana.

Kwa nini hukunisema, sikujua. Siku moja nilikuuliza, tumekwisha kuwa na Fatima mgongoni, ukasema mwalimu hupatikana mwingine, lakini mshika pondo wa mkono ule alikuwa mmoja, na chumvi ilikuwa lazima ivuke. Ulihesabu hata hilo. Uliniweka upande wenye mdomo mpana, ukajiweka kwenye ncha. Na mimi nikaichukua hesabu hiyo nikaifanya hadithi ya kuchekesha watu.

Kwa hiyo Jumatatu nitavaa kanzu nyeupe, ile usiyoipenda. Nitamwomba profesori chaki. Nitaandika alama yako na mstari wake, niuweke wazi kabisa, halafu niwaambie watoto kwamba Mwalimu Veronika hakukosea hata kimoja. Aliyekosea ni mimi, na sikukosea kwa kutojua, nilikosea nikijua. Nitawaambia na lile la kunyamaza mbele ya mkuu wa kambi. Rehema atakuwa amekaa nyuma. Nakuahidi sitaongeza ndege wala mamba. Labda ndege moja.

Lala salama, Mwalimu. Wasalimie wote uliowakuta, na kaka zangu uwaambie nimewaachia nafasi, wasinipigie foleni. Mimi Nahodha wako, Sumaili.

Kwa kuwa najijua, nimeweka shahidi. Katika wote tuliokuwa mtumbwini siku ile amebaki Bi Somoe, yuko Olumbi, masikio yake mazima kuliko yangu. Fatima alikwenda kumwomba aje Jumatatu. Nilidhani ataniponda kwa kumkumbusha chumvi. Akamwambia Fatima, "Nitakuja nikae mbele. Mwambie baba yako asiruke neno. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na mguu wake. Nilimwona alivyotazama maji, nikamwona alivyotazama ufuko. Jioni ile nilimweleza Veronika, akanishika mkono, akaniambia nimwache, atasema mwenyewe."